"Gold digger" si mchimbaji wa dhahabu: Kiingereza kinachowachanganya watu Kasongo na Kabambare

Katika teritware ya Kabambare, jamaa nyingi zinaishi kwa dhahabu. Kwa Kifaransa mchimbaji wa mikono anaitwa "creuseur", yaani mwenye kuchimba. Sasa mchimbaji wa Salamabila aliyesoma Kiingereza kidogo shuleni, akiulizwa na mgeni anafanya kazi gani, anatafuta neno la dhahabu, "gold", kisha neno la mwenye kuchimba, "digger". Anayaunganisha na kujibu: "I am a gold digger." Kila neno liko sawa, sarufi haina kosa. Lakini mgeni atacheka, ao atashangaa. Katika Kiingereza cha leo "gold digger" ni mtu, mara nyingi mwanamke, anayejifanya kumpenda mwenzake ili ale pesa zake. Mchimbaji alipaswa kusema "I am a gold miner", ao "artisanal miner" akitaka ieleweke kwamba anachimba kwa mikono, si kwa mashini za kampuni.

Kosa kama hilo linachekesha likitokea katika mazungumzo. Likitokea katika barua ya kuomba kazi, kwenye karatasi ya dawa, ao mbele ya mtu anayejaza faili ya mkimbizi, halichekeshi tena. Linaweza kumkosesha mtu kazi, afya, hata njia ya maisha.

Zamani mgeni ndiye alijifunza Kiswahili

Kiingereza kilifika kusini mwa Maniema zamani. David Livingstone aliingia Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, Septemba 1869. Pale palikuwa makao yake kwa zaidi ya mwaka, akitoka na kurudi, akisumbuliwa na vidonda vya miguu, mpaka alipoondoka Februari 1871 kuelekea Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye alipita katika nchi hiyo hiyo, akapatana na Tippu Tip ili wasafiri pamoja. Wakati ule hakuna mwenyeji aliyelazimika kujua Kiingereza. Lugha ya njia ilikuwa Kiswahili, na mgeni ndiye alijikaza kukisema.

Leo mambo yamegeuka. Kifaransa ni lugha rasmi ya Kongo, na Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kiingereza ni somo la sekondari tu. Lakini mgodi wa Namoya, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ulikuwa wa Banro, kampuni ya Kanada iliyowaandikia wenye hisa ripoti zake kwa Kiingereza. Machi 2022 Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa jumuiya hiyo, wa mwaka 1999, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili na Kifaransa vilikubaliwa kuongezwa mwaka 2021 tu. Tena, mtu anayevuka Tanganyika ao anayekwenda Uganda anaingia katika nchi ambazo baadhi ya karatasi za ofisi zimeandikwa kwa Kiingereza.

Msemo ni neno moja lenye maneno mengi

Kila mwenye kusema Kiswahili anajua jambo hili, hata kama hakulifundishwa. Mzee "aliyekula chumvi nyingi" hakukaa mezani akila chumvi. Ameishi miaka mingi. Mtu "aliyevunjika moyo" hapelekwi lopitali. Na "kupiga simu" hakuna uhusiano na ngumi. Misemo hiyo haifahamiki kwa kupasua neno moja moja. Inashikwa yote kwa mara moja, kama neno moja.

Kiingereza nacho kiko vile vile. Kwa mwanafunzi, misemo yake inaweza kugawanywa katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni cha misemo inayolingana na Kiswahili. "Empty-handed" ni mikono mitupu: "He came back from the market empty-handed", alirudi kutoka sokoni mikono mitupu. "Hard-hearted" ni mwenye moyo mgumu, asiye na huruma. Hapa mwanafunzi anapita bila shida.

Kikapu cha pili ni cha misemo iliyofungwa, ambayo maneno yake hayaonyeshi maana hata kidogo. "I am a bit under the weather" haisemi lolote juu ya mvua. Mtu anasema hajisikii vizuri, anaumwa kidogo. "It costs an arm and a leg" hakuna aliyekatwa mkono. Bei ni kali mno. "Once in a blue moon" maana yake ni mara chache sana: "The truck comes once in a blue moon", lori linakuja kwa nadra. "You are pulling my leg" ni kusema: unanitania. Kikapu hiki kinachosha, lakini hakina hatari kubwa, kwa sababu mtu anajua kwamba hakuelewa, na anauliza.

Kikapu cha tatu ndicho cha kuogopa. Ni cha misemo inayoonekana wazi, kumbe imebeba kitu kingine. "Gold digger" iko humo. "Hard-headed" pia. Anayetaka kumsema mtoto mwenye kichwa kigumu anaona amepata neno. Lakini mara nyingi Waingereza hulitumia kwa mtu anayefikiri kwa makini, asiyeendeshwa na hisia, hasa katika biashara. Mkaidi kwao ni "stubborn", ao kwa ukali zaidi, "pig-headed". Hapa mtu hajui kwamba hajaelewa, kwa hiyo haulizi.

Dhahabu katika maneno

Kwa kuwa dhahabu ni riziki ya watu wengi kusini mwa Maniema, inafaa kujua namna Waingereza wanavyoitumia katika maneno yao. "She has a heart of gold": ana moyo mwema. "This nurse is worth her weight in gold": muuguzi huyu ana faida kubwa sana, hatupatikani mwingine kama yeye. "The child was as good as gold": mtoto alitulia, hakusumbua. "His shop is a gold mine": duka lake linaingiza faida nyingi, hakuna aliyechimba shimo ndani yake.

Neno "fine" lina sura tatu, na zote zinaweza kumkuta mchuuzi. "I am fine" ni mzima, sina neno. "Fine gold" ni dhahabu safi, iliyotolewa uchafu na madini mengine. "You must pay a fine" ni faini, na hapo hakuna uzuri wowote.

Halafu kuna "ounce", wakia. Bei ya dhahabu inayotangazwa kila siku duniani inahesabiwa kwa dolari kwa wakia moja. Lakini kuna wakia mbili. Ile ya kupimia vitu vya kawaida ina gramu 28.35. Ile ya dhahabu, inayoitwa "troy ounce", ina gramu 31.1. Mtu anayesikia bei redioni na kutaka kujua gramu moja inafikia kiasi gani, agawanye kwa 31.1. Akigawanya kwa 28.35 atapata hesabu ya uongo, na atabishana bure na mnunuzi. Hata akihesabu sawa, ajue kwamba bei ile ni ya dhahabu iliyosafishwa. Ya shimoni haiifikii.

Risasi isiyoua

Katika sehemu ambako watu wamekimbia vijiji vyao kwa sababu ya mlio wa bunduki, Kiingereza cha ofisi kinaweza kushtua. Mkubwa wa shirika anaandika: "Send me your report in bullet points." Hakuna risasi; anataka ripoti fupi, kila wazo kwenye mstari wake, na alama ya nukta mbele. "Shoot me an email" ni nitumie barua pepe. "To bite the bullet" ni kukubali kufanya jambo gumu lisilokwepeka. "We dodged a bullet" ni tumeponea chupuchupu, hata kama hatari yenyewe ilikuwa deni ao ajali. "He was fired" haisemi kwamba alipigwa bunduki, alifukuzwa kazi. Na "deadline", neno lenye "kifo" ndani yake, ni siku ya mwisho tu: "The deadline is Friday", mwisho wa kupokea karatasi ni Ijumaa. Baada ya hapo mlango umefungwa.

Kineno kidogo, maana kubwa

Kiswahili kinabadilisha maana kwa kuongeza kitu kidogo ndani ya kitendo. Kuomba, kuombea, kuombana, kuombwa: mzizi ni mmoja, maana zinaachana. Kiingereza kinafanya kazi hiyo kwa kuweka kineno nyuma ya kitendo, na kineno hicho kinageuza yote.

Mfano ni "look", kutazama. "Look for" ni kutafuta. "Look after" ni kutunza: "She looks after three orphans", anatunza yatima watatu. "Look into" ni kuchunguza. "Look forward to" ni kungoja kwa furaha. Mwanafunzi anayejua "look" peke yake amejua mzizi. Bado hajajua matawi.

Vile vile "turn" na "put". "Your application was turned down" ni ombi lako limekataliwa. "Only five people turned up" ni walikuja watu watano tu. "The meeting was put off" ni mkutano umesogezwa mbele. "Called off" ni umefutwa kabisa. Kati ya hayo mawili, mtu anayetoka Kabambare kwenda Kasongo kwa pikipiki anaweza kupoteza siku na pesa yake ya njia kwa kutoelewa kineno kimoja.

Kifaransa kinasaidia, kisha kinadanganya

Mkongomani aliyesoma ana ngazi ambayo jirani yake wa Tanzania hana: Kifaransa. Maneno mengi ya Kiingereza yana ndugu katika Kifaransa, kama "nation", "table", "important". Lakini ndugu wengine wamebadilika tabia, na hapo ngazi inateleza.

"Demander" ya Kifaransa ni kuomba kwa heshima. "Demand" ya Kiingereza ni kudai kwa nguvu. Kijana anayeandika "I demand a job in your organisation" amewaamuru wampe kazi. Aandike "I would like to apply for", ningependa kuomba.

"Passer un examen" ni kufanya mtihani, hata ukianguka. "Pass an exam" ni kufaulu. Anayesema "I passed the state exam" anasema ana diploma. Kama hana, ataonekana mwongo siku ya kuonyesha karatasi. Kufanya mtihani ni "take an exam" ao "sit an exam".

"Assister à une réunion" ni kuhudhuria mkutano. "Assist" ni kusaidia. Aliyekaa na kusikiliza aseme "I attended the meeting". "Formation" ya Kifaransa, mafunzo, ni "training". "Stage" ya kazini ni "internship". "Stage" ya Kiingereza ni jukwaa la wanamuziki.

"Actuellement" ni kwa sasa, lakini "actually" ni kwa kweli. "Éventuellement" ni labda, huenda; "eventually" ni mwishowe. "You will eventually be paid" haisemi labda utalipwa. Inasema mwishowe utalipwa, ingawa haisemi lini. Na "il m'a déçu" ni alinivunja moyo, lakini "he deceived me" ni alinidanganya. Hilo la mwisho ni mashtaka, si masikitiko.

Hata hesabu ina mtego. "Billion" ya Kiingereza ni "milliard" ya Kifaransa, yaani milioni elfu moja. Na Mwingereza akiandika 1.500 anasoma moja na nusu, si elfu moja na mia tano. Elfu yake ina mkato: 1,500.

Maneno ya ukoo na ya kukimbia

Wakongomani wengi wamepita kambini, kama Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996. Huko, masimulizi ya familia yanaandikwa katika faili ya Kiingereza, na faili hiyo inasomwa tena miaka ikipita. Kwa hiyo maneno ya ukoo ni mazito.

Kwa Kiswahili, mtoto wa baba mdogo ni ndugu, tena ni ndugu kamili. Kwa Kiingereza "brother" ni yule wa baba mmoja ao mama mmoja. Mtoto wa baba mdogo ni "cousin". Baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, wote ni "uncle". Mama mkubwa, mama mdogo na shangazi, wote ni "aunt". "Small father" haieleweki kabisa. Mtu akisema leo "my brother" na mwaka ujao "my cousin", yeye anajua ni mtu yule yule, lakini anayesoma faili anaona maneno mawili yanayopingana. Dawa yake ni kueleza uzazi wenyewe: "He is the son of my father's younger brother", ni mtoto wa mdogo wake baba.

Kuna pia vitendo viwili vinavyofanana kwa sauti. "Flee", wakati uliopita "fled", ni kukimbia hatari. "Fly", wakati uliopita "flew", ni kuruka, ao kusafiri kwa ndege. "We fled to Fizi" ni tulikimbilia Fizi. "We flew to Fizi" ni tulipanda ndege. Aliyetembea siku nyingi porini na watoto mgongoni ameonekana amesafiri kwa ndege, kwa sababu ya sauti moja.

Katika majibu ya ofisi, "pending" ni bado linasubiri, "on hold" ni limesimamishwa kwa muda, "in due course" ni wakati wake ukifika, bila tarehe. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye maana ya kukataliwa. Na asiyejiamini asijaribu Kiingereza mbele ya karani ili aonekane msomi. Katika mahojiano ya HCR mtu anaweza kuomba mkalimani na kusema Kiswahili chake, na huduma hiyo haina malipo.

Kwenye kiboksi cha dawa

Dawa nyingine zinazofika sokoni zina karatasi ya Kiingereza. "Twice a day" ni mara mbili kwa siku. "On an empty stomach" ni kabla ya kula. "Keep out of reach of children" ni weka mbali na watoto. "May cause drowsiness" ni inaweza kuleta usingizi, basi anayeendesha pikipiki ajihadhari.

Maneno yanayopotosha zaidi ni "every other day". Mtu anaona "every day", kila siku, na "other", nyingine, na kudhani ni kila siku moja nyingine. Kumbe ni siku moja kwa kuruka: leo mgonjwa anakunywa, kesho anaacha, kesho kutwa anakunywa tena. Asiyeelewa anakunywa dawa mara mbili zaidi ya kipimo. Hapa hakuna kukisia. Ni kumuuliza muuguzi ao mtu wa farmasi.

Namna ya kujifunza bila kupotea

Walimu wa lugha wanajua kwamba orodha ndefu ya maneno haikai kichwani. Kinachokaa ni neno lililo ndani ya sentensi. Daftari moja linatosha, kila ukurasa ukigawanywa sehemu tatu: msemo wa Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi ya mwanafunzi mwenyewe juu ya maisha yake. Aliyeandika "My mother looks after my children when I go to Kasongo" hatasahau "look after", kwa sababu mama yake yuko ndani ya sentensi.

Misemo mitano kwa juma inatosha, kama inasemwa kwa sauti, wawili ao watatu pamoja, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Kila neno linalofanana na la Kifaransa lihakikishwe katika kamusi kabla ya kuandikwa katika barua. Na msemo uliosikika katika filamu ao wimbo usikimbiliwe kutumiwa. "Kick the bucket" ni kufa, lakini kwa mzaha. Anayeutumia kwenye matanga amewatukana wafiwa.

Waingereza wenyewe nao wameteleza katika Kiswahili. Walichukua neno "safari" katika karne ya 19, na leo kwao "safari" ni kwenda kutazama wanyama porini. Mwingereza akimsikia mwenyeji wa Kasongo akisema yuko safarini kwenda Kindu, anaweza kufikiri anakwenda kupiga picha za tembo, na huyu anapeleka mchele sokoni.